Nakala zilizokwama njiani kati ya Rumonge na Bujumbura

Na Mwandishi Wetu, Rumonge

ILIKUWA Ijumaa alasiri mzee mmoja, aliyerejea Burundi kutoka makazi ya Mishamo nchini Tanzania, alipofika katika duka la fotokopi lililo karibu na soko la Rumonge. Shida yake ilikuwa moja tu. Jumatatu asubuhi alitakiwa kuonyesha karatasi mbili za zamani katika shauri la shamba la baba yake, na karatasi zenyewe zililoa mwaka 2024, ziwa lilipofurika na kuingia katika nyumba za ufukweni. Tangu hapo zinamomonyoka kila zinapoguswa. Wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo alikuwa amezileta dukani zipitishwe kwenye skana kwa mara ya mwisho.

Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatano usiku na petroli ya jenereta haikuwepo. Hata hivyo, mwenye duka hakuwa na wasiwasi.

"Hakuna taabu, mzee," alimwambia. "Kila kitu chako kipo pia Bujumbura. Nampigia mdogo wangu sasa hivi, atoe nakala, aipe basi la kesho asubuhi."

Mdogo mtu akafungua kompyuta yake mtaani Buyenzi. Folda lenye jina la mzee lilikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Ndani yake hamkuwa na kitu. Akafungua folda la mteja mwingine, nalo tupu. Akarudi nyuma siku hadi siku, na faili kubwa ya mwisho iliyofika salama ilikuwa ya usiku 19 uliopita.

Mzee alikaa kwenye benchi, kofia mkononi, akauliza swali ambalo mwenye duka anasema halitamtoka kichwani: "Sasa mwanangu, hizo nyingine zilikwenda wapi?"

Bahati ni kwamba umeme ulirudi Jumamosi usiku, kompyuta ya Rumonge ikawaka bila kasoro, karatasi zikachapwa Jumapili. Lakini kama diski ya kompyuta ile ingeungua umeme uliporudi kwa kishindo, kama inavyotokea mara nyingi huku, kumbukumbu za siku 19 zingekuwa zimepotea, na mwenye duka asingejua mpaka siku ya kuulizwa.

Makala haya yanaeleza zilikwenda wapi. Yanaweza kumsaidia mtu yeyote anayehifadhi karatasi zake au hesabu za biashara kwa kuzituma mbali kupitia intaneti, awe na kompyuta au simu ya mkononi tu.

Karatasi zenye uzito wa shamba

Msomaji asiyeijua pwani hii anaweza kushangaa watu kuhangaika kiasi hicho kwa karatasi mbili. Ikumbukwe kuwa Rumonge na Nyanza-Lac ndiko vurugu za Aprili 29, 1972 zilikoanzia, na mauaji yaliyofuata nchini kote yaliwafanya maelfu kuvuka kwenda Tanzania na Zaire ya wakati huo. Waliobaki ng'ambo waliishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa zaidi ya miaka 30. Huku nyuma mashamba yao ya michikichi yalipata wenyewe wapya. Wengine waligawiwa na serikali katika mipango ya kilimo, wengine walinunua kwa nia njema kutoka kwa waliogawiwa.

Tanzania ilipotoa nafasi ya kuchagua kati ya uraia na kurejea mnamo mwaka 2007, zaidi ya watu 160,000 waliomba uraia, na makumi ya maelfu wakarudi Burundi mwaka 2008 na 2009. Wakakuta watu ndani ya itongo la baba zao. Tume ya ardhi na mali nyingine, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa CNTB, iliundwa mwaka 2006 kusuluhisha mashauri hayo, na mahakama maalumu ya ardhi ikafuata kwa sheria ya mwaka 2014. Kisha likaja wimbi jingine: waliokimbia mwaka 2015, ambao wengi wao walipita ufukwe wa Kagunga wakasafirishwa na meli ya MV Liemba hadi Kigoma, na ambao wamekuwa wakirejeshwa kwa makundi tangu Septemba 2017.

Katika mashauri kama hayo, risiti ya zamani ya kuuza chikichi, kadi ya ushirika au barua yenye muhuri inaweza kuwa na uzito kuliko mashahidi watatu, kwa kuwa mashahidi wengi wamekwisha kufa. Ndiyo maana maduka ya fotokopi ya Rumonge yamegeuka kuwa masanduku ya wosia, ingawa hakuna aliyeyapa kazi hiyo.

Wafanyabiashara nao wana yao. Anayepeleka mawese ng'ambo au kuleta dagaa na mukeke, yule samaki ambaye Kigoma wanamwita mgebuka, anaishi kwa daftari la madeni. Wengi wanakumbuka Januari 27, 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoteketea siku ya Jumapili. Bidhaa ziliungua, na aliyeacha daftari lake kibandani hakuwa tena na cha kumwonyesha mdaiwa wake.

Kwa nini njia salama

Mwenye duka alianza na utaratibu mzuri, na tuseme hivyo kabla ya kumlaumu. Kila jioni kompyuta ya Rumonge inafungua njia ya siri hadi kompyuta ya Bujumbura, kisha programu inayoitwa rsync inalinganisha pande mbili na kupeleka tu kilichobadilika. Programu hiyo ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia, na sifa yake ni ubahili: ukibadilisha ukurasa mmoja katika faili la kurasa mia, haitumi mia.

Njia yenyewe ina kufuli mbili. Ya kwanza ni SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Mfini Tatu Ylönen baada ya mtu kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi katika mtandao wa chuo chake. Ya pili ni VPN, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina hilo bila kujua inafanya nini. Inafunga kila pakiti ya data ndani ya bahasha nyingine iliyosimbwa, kama handaki linalopita chini ya barabara ya wote.

Kuna fundi aliyemshauri mwenye duka aachane na "mbwembwe hizo" na kutuma faili wazi, kwa madai kuwa zitakwenda haraka. Ni ushauri mbaya. Faili hizo zina majina, namba za vitambulisho, mipaka ya mashamba na saini. Katika mji ambao mdai na mdaiwa wanaswali msikiti mmoja na kununua chumvi duka moja, si vyema karatasi za upande mmoja zipite barabarani bila bahasha. Tena, kama tutakavyoona, kufuli yenyewe haikuwa na kosa.

Dalili zilizosema ukweli

Usiku wa kwanza wa uchunguzi mwenye duka na mdogo wake hawakugusa kitu. Walitazama tu, kila mmoja mbele ya kompyuta yake, simu sikioni. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu watu wengi nakala ikikwama huzima ruta, huwasha, hubadilisha laini, hufuta programu na kuiweka upya kwa wakati mmoja. Mwisho ikikubali hawajui dawa ilikuwa ipi, na ikikataa wameongeza ugonjwa.

Waliona hivi. Njia ilifunguka bila shida, neno la siri likakubaliwa. Orodha ya mafolda ikapita. Faili ndogo za barua, zenye ukubwa wa kilobaiti moja hivi, zikafika. Kisha ikaanza picha ya kwanza ya skana, na hapo kila kitu kikasimama. Hakukuwa na ujumbe wa kosa wala maandishi mekundu. Namba iliganda, na programu ikaendelea kungoja hadi alfajiri kwa uvumilivu wa mvuvi. Asubuhi mwenye duka alipokuwa akifungua mlango aliona tu kwamba "inaendelea", akafunga programu, akaanza kazi. Hivyo ndivyo siku 19 zilivyopita.

Usiku wa pili ikaganda mahali palepale. Na hiyo ndiyo dalili iliyotoboa siri. Mtandao mbovu hukata popote. Leo katikati ya faili la tatu, kesho la thelathini. Kinachoganda mahali pamoja, baada ya vitu vidogo kupita, kina tatizo la ukubwa.

Mwenye duka akakumbuka jambo. Wiki tatu kabla alikuwa amehamia kampuni nyingine ya simu kwa sababu ya bei ya kifurushi. Kompyuta zilikuwa zilezile, programu ileile, njia ileile ya siri. Barabara tu ndiyo iliyobadilika.

Pipa na mlango wa boti

Data haitembei kama maji. Hukatwa katika pakiti, na kwenye nyaya za kawaida pakiti moja hubeba mwisho baiti 1,500. VPN ikiifunga ndani ya bahasha yake inaongeza baiti kadhaa. Kwa mfano WireGuard, programu ya Jason Donenfeld iliyoingizwa katika Linux mwaka 2020, huongeza 60 au 80 kutegemea aina ya anwani. Kwa kawaida programu za VPN huliona hilo na kupunguza mzigo wa ndani ili bahasha isizidi 1,500. Lakini zinakisia kwamba barabara nzima ina upana wa 1,500. Mitandao ya simu mara nyingi ina bahasha zake yenyewe, na upana unaobaki ni mdogo zaidi.

Fikiria pipa la mafuta la lita 200 limefika gatini na mlango wa boti ni mwembamba kuliko pipa. Madumu ya lita 20 yanapita yote. Pipa linabaki. Kwa taratibu, mtu wa gatini anatakiwa kumrudishia mwenye mzigo ujumbe: punguza, mlango ni kiasi fulani. Intaneti ina ujumbe huo, na ni wa tangu zamani. Shida ni kwamba wasimamizi wengi wa mitandao wameuzuia, wakidhani wanajikinga na wadukuzi. Wengine pipa likikatwa vipande huvitupa vipande. Basi aliyetuma hapati jibu, anatuma pipa lilelile tena, anangoja zaidi, anatuma tena. Kwenye skrini unaona kimya.

Kupima hakuhitaji fundi wa kutoka nje. Amri ya ping, iliyomo katika kila kompyuta, inaweza kuagizwa kutuma pakiti ya ukubwa fulani na kukataza isikatwe njiani. Katika Windows unaandika ping, kisha -f, kisha -l na ukubwa, kisha anwani ya upande wa pili. Katika Linux ni -M do na -s. Unaanza na 1472, kwa kuwa ping inaongeza 28 zake na jumla inakuwa 1,500. Upimaji huu ufanywe nje ya handaki, VPN ikiwa imezimwa.

Mwenye duka alianza na 1472: kimya. Akashuka 1452: kimya. Akashuka 20 nyingine, kisha nyingine, kijitabu mkononi, hadi 1392 ikajibu. Ongeza 28, upana wa barabara mpya ni 1,420. Toa 60 za bahasha, mzigo wa ndani ya handaki usizidi 1,360. VPN yake ilikuwa bado inapakia 1,420. Akaandika 1300 katika mpangilio wa pande zote mbili, mahali panapoandikwa MTU, ili kuacha nafasi. Asiyetaka kupima anaweza kuweka 1280 moja kwa moja. Ndicho kiwango cha chini ambacho mitandao ya anwani za kizazi kipya, IPv6, inalazimika kukipitisha. Kasi inapungua kidogo sana.

Saa nne na robo usiku picha ya kwanza ikapita. Mdogo mtu alipiga kelele Buyenzi hadi majirani wakagonga ukuta.

Kukwama kwa aina ya pili

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Usiku wa tatu nakala ilikwama tena, lakini safari hii mahali pengine, na usiku uliofuata pengine tena. Baadhi ya watu wangesema dawa ya kwanza ilikuwa ya uongo. Mwenye duka alisema, sawasawa, kwamba huu ni ugonjwa mwingine kwa sababu dalili zake ni nyingine.

Kampuni za simu hazina anwani za kutosha kumpa kila mteja yake. Wateja wengi wanatumia anwani moja, na mashine ya kampuni inaandika katika daftari lake nani anaongea na nani. Ukinyamaza kwa muda, jina lako linafutwa. Kanuni za wahandisi wa intaneti za Oktoba 2008 zinashauri mazungumzo ya aina inayotumiwa na SSH yasifutwe kabla ya saa 2 na dakika 4, lakini zipo mashine zinazofuta baada ya dakika chache tu.

Sasa, programu ya nakala hunyamaza lini? Hunyamaza inapohesabu. Duka lilikuwa na kurasa nyingi, kompyuta ni ya zamani, na mwenye duka alikuwa ameiagiza ikague kila faili neno kwa neno kabla ya kutuma. Pande zote mbili zilikuwa zikisoma diski zao kimya kimya. Zilipomaliza na kutaka kuongea, mlango ulikuwa umefungwa na hakuna aliyewaambia.

Dawa ni kubisha hodi kila baada ya muda mfupi hata kama huna la kusema. Katika SSH mstari unaitwa ServerAliveInterval, na mwenye duka aliweka 30, yaani sekunde 30. Wenye WireGuard wana PersistentKeepalive, na thamani inayopendekezwa na waliyoitengeneza ni 25. Aidha, aliondoa agizo la kukagua kila faili kila usiku, akaliacha kwa Jumapili peke yake, na akaongeza mambo mawili kwenye rsync: --timeout, ili ikikosa jibu kwa muda aliopanga ikate tamaa na kutoa kosa badala ya kungoja hadi alfajiri; na --partial, ili faili likikatika katikati, kipande kilichokwisha kufika kisitupwe. Kwa mji ambao umeme unakatika bila taarifa, hilo la pili ndilo lililostahili kuwekwa mwanzo kabisa.

Pengine haijakwama, ni nzito tu

Kuna wakati mtu analalamika kuwa nakala imekwama, kumbe inatambaa. Hesabu yake ni rahisi. Laini inayopandisha data kwa megabiti 1 kwa sekunde hupeleka megabaiti 450 kwa saa, na gigabaiti 10 zitahitaji zaidi ya saa 22. Kasi inayotangazwa na kampuni ni ya kushusha. Ya kupandisha, ambayo ndiyo nakala inaitumia, kwa kawaida ni ndogo zaidi.

Mwenye duka alikuwa akihifadhi kurasa katika muundo wa TIFF usiobanwa. Ukurasa mmoja wa A4 wa rangi, kwa nukta 300 kwa inchi, ni megabaiti 26 hivi. Ukurasa huohuo ukibanwa kwa JPEG unakuwa megabaiti moja au mbili, na hakimu hataona tofauti. Karatasi za kawaida sasa anazibana. Zile zilizofifia au zenye muhuri unaosomeka kwa shida anaziacha katika ukubwa wake wote, maana huwezi kujua kesho mtaalamu atataka kutazama nini.

Tukumbuke pia kuwa intaneti ya Burundi haifiki baharini yenyewe. Hupita nchi jirani hadi kwenye nyaya za chini ya bahari zilizoanza kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hizo hakuna mpangilio wa ruta utakaosaidia. Nakala inayotoka Rumonge kwenda Bujumbura ina nafuu kwa kuwa inaweza kubaki ndani ya nchi. Anayetuma kwenye seva za Ulaya asubiri, na awe na diski ya nje mezani.

Diski hiyo ya nje nayo ina hila zake. Mfanyabiashara mmoja wa mawese, jirani wa duka letu, alikuwa na faili moja la hifadhi lililokuwa likikua kila mwezi, na nakala yake ikawa inakatika kila mara baada ya gigabaiti 4. Alinunua diski kubwa zaidi. Ikakatika palepale. Tatizo halikuwa nafasi. Diski zote mbili zilipangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kufikia gigabaiti 4 hata diski iwe tupu. Zikipangwa upya kwa exFAT au NTFS tatizo linakwisha, lakini kupanga upya kunafuta kila kitu kilichomo, hivyo kwanza hamisha.

Na kuna ile ya saa. Kompyuta ya zamani iliyokaa siku kadhaa bila umeme, ikiwa betri yake ndogo ya duara kama sarafu imekufa, huamka ikidhani ni mwaka wa kutengenezwa kwake. Vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani ni 2009 inaviona vyote ni vya uongo, na programu nyingi za kuhifadhi faili mtandaoni hukataa kufungua njia. Tazama saa kwenye kona ya skrini kabla ya kumwita fundi. Betri hiyo, CR2032, ni ileile ya mizani nyingi za kielektroniki.

Kwa wenye simu tu

Wavukaji wengi wa Mugina hawana kompyuta. Daftari lao ni WhatsApp: picha za risiti, sauti za maagizo, bei za faranga na shilingi. Wanaona nakala imeganda kwenye asilimia fulani, nao huachana nayo.

Sababu ya kawaida ni kwamba programu imeagizwa kutumia Wi-Fi peke yake, na mwenye simu hana Wi-Fi. Sababu ya pili ni mpaka wenyewe. Simu ikishika mnara wa ng'ambo inajiona iko ugenini, na nyingi zimefungwa zisitumie data ugenini. Mwenye laini mbili, inaporuka kutoka moja kwenda nyingine, anwani inabadilika na mazungumzo ya kutuma yanakatika. Chagua laini moja ya data, tulia mahali pamoja, chomeka chaji, kisha anza.

Sababu ya tatu ni mpya kiasi. Hadi mwaka 2023 nakala za WhatsApp za simu za Android hazikuhesabiwa katika nafasi ya akaunti ya Google. Katika mwaka 2024 zilianza kuhesabiwa, na nafasi ya bure ni gigabaiti 15, pamoja na barua na picha. Aliyejaza akaunti kwa video za harusi hana pa kuweka risiti. Usijumuishe video katika nakala, utaona tofauti.

WhatsApp iliongeza pia, mwaka 2021, uwezo wa kufunga nakala kwa neno la siri au kwa ufunguo wa tarakimu 64. Ni ulinzi mzuri. Ila ukisahau neno hilo, kampuni yenyewe haiwezi kukufungulia. Mama mmoja anayeuza vitenge kati ya Kigoma na Nyanza-Lac aliniambia lake ameliandika nyuma ya picha ya ukutani. Wataalamu watakunja uso, lakini mimi sioni kosa kubwa, kwani wezi wa simu hawaingii sebuleni kwake kusoma picha.

Jumamosi saa kumi

Duka la Rumonge sasa lina mazoea mapya. Kila Jumamosi saa kumi jioni mwenye duka anataja kwa simu majina matatu ya wateja, kwa kubahatisha, na mdogo wake anafungua faili zao Bujumbura na kumsomea maneno ya mstari wa kwanza. Hawatazami folda, wanafungua karatasi. Kazi hiyo inachukua dakika kumi. Kompyuta ya Bujumbura nayo inabaki na matoleo ya siku 30 zilizopita, maana kama faili likifutwa kwa bahati mbaya Rumonge leo, nakala inayofuata tu bila kuweka ya zamani ingelifuta na kule.

Nilipokwenda kumwaga alikuwa amebandika kwenye ukuta, juu ya mashine ya fotokopi, kikaratasi chenye namba tatu: 1300, 30, 4. Wateja wanadhani ni bei.

Shauri la yule mzee halijaisha. Upande wa pili umeomba muda zaidi kutafuta karatasi zao, na inasemekana wao pia wamekwenda kuzipiga skana katika duka hilohilo.